Wenzangu kazini wananiambia nipunguze kasi

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri. Niliajiriwa karibuni kwenye ghala la mizigo. Supavaiza ananisifu kila shifti, lakini wenzangu wamenibadilikia. Nikiingia chumba cha mapumziko, mazungumzo yanakatika. Juzi mmoja alinisogelea nikiwa napanga maboksi akaninong'oneza, "Taratibu, unatuharibia." Huu ni ubaguzi, au kuna jambo sijalielewa?

* * *

Pole mdogo wangu. Ubaguzi upo, na sitakuambia ni mawazo yako tu. Ila hilo neno "unatuharibia" linanipeleka kwingine, na ningeanzia hapo kabla ya kupeleka malalamiko.

Mwaka 1931 na 1932 watafiti waliwachunguza wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu katika kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago. Malipo yalitegemea kazi ya kundi zima, kwa hiyo ungetegemea kila mmoja ajitume. Wapi! Walikuwa na kiwango chao wenyewe cha kazi ya siku, hakikuandikwa popote. Aliyekizidi alipachikwa majina, akiendelea alitwangwa ngumi kwenye mkono. Aliyetegea naye alisakamwa. Waliogopa kwamba uongozi ukiona zaidi inawezekana, utapandisha lengo au utakata malipo.

Kwako wewe mgeni, bidii ni kinga: mkataba haujawa wa kudumu, na kuna watu wanakutegemea. Kwao, bidii hiyohiyo ni rula ambayo kesho watapimwa nayo. Inawezekana yaliwahi kuwakuta. Mpaka ujue, usiwaite wavivu.

Mtafute mmoja aliyekaa hapo muda mrefu, mtu mtulivu, umuulize malengo huwekwaje na mara ya mwisho yalipandishwa kwa nini. Muulize mkiwa wawili tu. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa watu kazi nyepesi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wenzao waliopangwa wakitoa jibu la uongo kwa makusudi. Karibu watatu kati ya wanne walilifuata jibu hilo angalau mara moja. Walipoandika jibu bila wengine kuliona, walifuata mkumbo kwa nadra zaidi. Na alipokuwepo hata mtu mmoja wa kusema ukweli, wengi walipata ujasiri wa kusema nao. Huyo mmoja ndiye unayemhitaji. Akikukubali, utaona hata salamu za wengine zinarudi.

* * *

Dada amesema vizuri, ila mimi nina wasiwasi na jambo moja. Ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, usishuke chini ya lengo lililoandikwa kwa sababu ya kununiwa. Wao hawatafukuzwa, wewe utafukuzwa. Fikia lengo, kisha nguvu iliyobaki msaidie aliyezidiwa na mzigo badala ya kuongeza hesabu yako.

Halafu andika kila tukio: tarehe, maneno yaliyotamkwa, nani alikuwepo. Wakianza kugusa rangi yako, lafudhi yako au ulikotoka, hilo si suala la kasi tena, lipeleke kwa maandishi. Na kama pana chama cha wafanyakazi, muulize mwakilishi wake. Yeye ndiye anayejua malengo hayo yamepandishwa mara ngapi na nani alilalamika.