Tupeane uzoefu: watalii walipozidi, kwenu kulibadilika nini?

Mpangaji Mzoefu: Wakuu, nianze mimi. Nilipanga miaka tisa kwenye ghorofa moja. Mwenye fleti wa juu akaanza kupangisha kwa siku kupitia intaneti, wa pili akaiga, mwishowe tukabaki mimi na bibi mmoja wa chini. Usiku kucha masanduku yanaburutwa kwenye ngazi, walevi wanagonga mlango wangu wakidhani ndio wao. Notisi ya kuhama nilitumiwa kwa simu. Nikasikia Barcelona imeamua kutohuisha leseni zaidi ya 10,000 za fleti za watalii ifikapo 2028, nikacheka peke yangu. Nyie je?

Mzamiaji: Mimi nilikuwa napeleka wageni kutazama matumbawe. Nanga moja ikiangushwa vibaya inavunja kilichoota kwa miongo. Asiyejua kuogelea naye anapanda juu ya tumbawe apumzike. Nikikataza, bosi ananung'unika kwamba naudhi wateja. Niliacha kazi. Thailand angalau walithubutu: Ghuba ya Maya waliifunga 2018, wakaifungua 2022 kwa masharti. Boti zinatia nanga upande wa pili wa kisiwa, wageni wanaingia kwa idadi maalumu. Papa walirudi kabla ya watalii!

Dereva wa Zamu: Samahani, mimi ndiye ninayewabeba hao mnaowalalamikia. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa niliuza friji, kisha kitanda cha wageni. Fukwe zilitakata, ndiyo, lakini watoto hawali mandhari.

Mpangaji Mzoefu: Mkuu, pole. Hakuna aliyesema wasije. Ila tazama Venice kule Italia: mji mkongwe ulikuwa na wakazi kama 175,000 mwaka 1951, leo hawafiki 50,000. Wakazi wakiisha, utamrudisha nani nyumbani jioni?

Dereva wa Zamu: Hapo umenishika. Na wa meli kubwa ndio hawana faida kabisa. Wanashuka wameshiba, wanapiga picha, mchana wanarudi melini kula. Mimi naambulia tripu moja, foleni na takataka tunaachiwa wote.

Jirani wa Hoteli: Kwetu shida ilikuwa maji. Bomba linakauka siku tatu, ukichungulia juu ya ukuta bwawa la kuogelea limejaa pomoni. Hoteli ikachimba kisima kirefu kuliko vyetu vyote na pampu haizimwi. Msimu wa pili kisima cha mama kikaanza kutoa maji ya chumvi. Fundi akatueleza: karibu na bahari, ukivuta maji ya chini yasiyo na chumvi kupita kiasi, ya bahari yanasogea kushika nafasi. Mama akabaki anafulia tu, sabuni yenyewe haitoi povu. Nikaenda mapokezi kulalamika. Yule binti alinisikiliza kwa heshima zote, akaniomba nisubiri meneja, akaniletea glasi ya maji yenye barafu.

Meneja hakutokea. Maji niliyanywa.