Jason Dunford, Beijing 2008: kwa nini 51.14 ya mchujo haikumpa medali?

Kipepeo_wa_Pwani
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoujua mchezo wa kuogelea kwa undani. Jason Dunford wa Kenya, mita 100 mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing. Kwenye mchujo wa tarehe 14 Agosti 2008 alitoka na sekunde 51.14, akaivunja rekodi ya Olimpiki ya Michael Phelps, 51.25 ya Athens 2004. Tarehe 16, kwenye fainali, akamaliza wa tano kwa 51.47. Wengi wakisimulia habari hii husema "alichoka". Ni kweli? Swali la pili ndilo zito zaidi: muogeleaji wa miaka 16 anayefanyia mazoezi kwenye bwawa la mita 25 achukue nini kutoka fainali ile, hasa pale ukutani ambapo Phelps alimshinda Milorad Čavić wa Serbia kwa sekunde 0.01?

Saa_Mkononi
Tuanze na karatasi ya matokeo, maana hili la "alichoka" linarudiwa bila watu kuisoma. Phelps 50.58, Čavić 50.59, Andrew Lauterstein wa Australia 51.12, Ian Crocker 51.13, Dunford 51.47.

Sasa mchukue Dunford wa mchujo, na 51.14 yake kamili, umtie kwenye fainali. Bado ni wa tano! Crocker yuko mbele yake kwa 0.01 na shaba iko mbele kwa 0.02. Kwa hiyo hakuna medali aliyokuwa nayo mkononi ikamponyoka. Ilimbidi aogelee haraka kuliko alivyowahi kuogelea wiki ile, na wenzake walifanya hivyo. Rekodi yenyewe haikulala: jioni ile ile ya mchujo Čavić aliifuta kwa 50.76.

Angalia pia uzito wa namba hiyo. London 2012 Phelps alichukua dhahabu kwa 51.21. Rio 2016 dhahabu ilikwenda kwa Joseph Schooling wa Singapore, 50.39, na nyuma yake watu watatu wakagusa ukuta kwa pamoja, wote wakavishwa fedha: Phelps, Chad le Clos na László Cseh. Muda wao ulikuwa 51.14. Namba ile ile ya Dunford.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbali. Mwaka 2008 waogeleaji wengi walivaa mavazi marefu yenye vipande vya poliyurethani, yaliyobana mwili na kupunguza msuguano wa maji. Kuanzia 1 Januari 2010 yamepigwa marufuku. Mwanamume anavaa kitambaa tu, kiunoni hadi magotini. Kwenye kipepeo vazi lile lilisaidia zaidi mita 25 za mwisho, pale nyonga zinapoanza kuzama. Usilinganishe 2008 na 2016 kana kwamba ni shindano moja.

Mita_ya_15
Mkuu Saa_Mkononi kamaliza upande wa matokeo. Mimi niongeze mgawanyo wa kasi, kwa sababu somo la kijana wa miaka 16 limekaa hapo.

Čavić aligeuka wa kwanza kwa 23.42, Phelps akageuka wa saba kwa 24.04. Nusu ya pili Čavić alitumia 27.17 na Phelps 26.54. Toa: Čavić alipungua kwa sekunde 3.75 kati ya nusu ya kwanza na ya pili, Phelps kwa 2.50. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kawaida, maana nusu ya kwanza ina mruko kutoka jukwaani. Lakini anayezidi sekunde 3 na nusu huwa amelipia mwendo wa mwanzo kwa bei kubwa. Kwa kijana anayeogelea karibu na dakika moja, tofauti ya sekunde 3 hadi 4 inavumilika. Ikifika 5, tatizo si pumzi peke yake. Mara nyingi kapiga mikono mingi mno mita 25 za kwanza, bega likajaa, na kuanzia mita ya 75 mikono inaburuta maji badala ya kuruka juu yake.

Bwawa la mita 25 linakuficha hili. Mita 100 humo zina mageuzi matatu. Bwawa la 50 lina moja tu. Sheria inaruhusu kwenda chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka, kwa hiyo bwawa fupi linaweza kukupa mita 60 za mateke ya pomboo (miguu yote miwili ikipiga pamoja), na bwawa refu 30. Ukimpima kijana kwenye bwawa fupi unapima mateke yake, mikono haijajaribiwa.

Dawa yake ni hesabu rahisi. Mwamuru atoke juu kabla ya mita 5 kila upande. Anabakiwa na mita 20 mara nne, yaani 80 za kuogelea juu. Hiyo ni sawa na bwawa la 50 kwa mtu anayetoka kwenye mita ya 10. Kisha mgawie: mita 50 kwa kuruka, pumziko la sekunde 10 ukutani, mita 50 kwa kusukuma ukuta. Raundi tatu, dakika 6 za mapumziko katikati. Andika muda wa kila nusu pamoja na idadi ya mapigo ya mikono. Mapigo yakiongezeka zaidi ya mawili kwa urefu mmoja wa bwawa kati ya raundi ya kwanza na ya tatu, simamisha zoezi. Ukiendelea unamfundisha kuogelea vibaya.

Ukuta_Kwanza
Nami nije kwenye 0.01.

Picha za chini ya maji zinaonyesha Čavić amekwisha kunyoosha mikono, anateleza kuelekea ukuta, kichwa kikianza kuinuka. Phelps bado mikono iko nyuma. Akaongeza nusu pigo la haraka na kuupiga ukuta. Anayeteleza anapunguza kasi kila sentimita. Anayepiga anafika na kasi yake. Kichwa kikiinuka nyonga zinashuka, mwili unakuwa kama breki, na vidole vinaugusa ukuta kwa upole. Pedi ya mguso, ile ya ukutani inayosimamisha saa, inataka isukumwe, kuipapasa hakusimamishi saa.

Serbia walikata rufaa, picha zikapitiwa, matokeo yakabaki. Mwamuzi wa mbio ile alikuwa Ben Ekumbo, Mkenya. Yaani fainali ile ilikuwa na Wakenya wawili, mmoja majini na mmoja kando ya bwawa, jambo linalostahili kutajwa kila inaposimuliwa.

Kanuni ya kumfundisha kijana: uamuzi wa mwisho ufanywe kwenye bendera za mgongo, yaani zile zinazotundikwa juu ya bwawa kumjulisha anayeogelea kwa mgongo kuwa ukuta uko karibu, mita 5 kutoka ukutani. Asingoje ukuta wenyewe. Ahesabu mapigo kutoka bendera hadi ukuta kwa mwendo wa mbio, akiwa amechoka. Wengi wa umri huo wanapata mawili na kipande. Kipande kikiwa kifupi kuliko mkono wake, ateleze kwa teke moja kali, uso ukitazama chini. Kikizidi hapo, pigo fupi la haraka. Kuvuta pumzi ndani ya bendera ni marufuku. Na mikono yote miwili iguse kwa wakati mmoja, imetengana, la sivyo anaondolewa.

Kipepeo_wa_Pwani
Ahsanteni sana, wakuu. Bwawa tulilonalo halina bendera wala pedi. Nifanyeje?

Ukuta_Kwanza
Funga kamba kukatiza bwawa, mita 5 kutoka kila ukuta na mita 1.8 juu ya maji, uitundikie vitambaa vya rangi kali. Pima kwa futi kamba, usikisie; ukikosea sentimita 30 hesabu yote ya mapigo inaharibika. Kwa pedi, tundika ubao mwembamba au mkeka mgumu ukutani, uingie maji sentimita 60 na uchomoze 30. Ndio urefu wa pedi halisi, sentimita 90. Ukisikia kishindo, kagusa sawasawa. Usiposikia kitu, kateleza. Mwambie apige kwa ncha za vidole vilivyobana pamoja, viwiko vikiwa na ulegevu kidogo, asije akateguka.

Saa_Mkononi
Nyongeza kuhusu Dunford, kwa sababu watu humhukumu kwa fainali moja. Nguvu yake kubwa ilikuwa mita 50 kipepeo, na mbio hizo hazikuwemo kwenye Olimpiki enzi zake zote. Zimeingizwa kwa Los Angeles 2028. Mahali zilipokuwepo, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010, alichukua dhahabu mbele ya Geoff Huegill wa Australia, tena ugenini kwa wote wawili. Na London 2012 yeye ndiye aliyebeba bendera ya Kenya, nchi ambayo kwa kawaida humpa mkimbiaji heshima hiyo. Kijana wako akiwa na kasi ya mita 50 kuliko pumzi ya mita 100, sasa ana mbio yake kwenye Olimpiki. Mpime mita 50 kwa kuruka kwanza, ndipo uamue programu ya mwaka.