"MIMI NDIO MAMLAKA" – kwani siku hizi jaketi ndio inapeana nguvu za sheria??

Wadau wa Nakuru niambieni kabla nipasuke. Dada yangu anauza viazi kando ya barabara, wakaja jamaa wawili na jaketi za kung'aa, kitambulisho hakuna, wanadai elfu moja ya "ruhusa". Akaitisha risiti, hakuna. Akauliza ni sheria gani hiyo, mmoja akacheka akamwambia "mimi ndio mamlaka", mkokoteni ukabebwa na viazi juu.

Mamlaka gani bana!! Katiba ya 2010, kifungu cha 1 kabisa, hata haujafungua mbali, inasema mamlaka yote ni ya wananchi na itatumika tu vile Katiba imesema. Ukienda 210 unapata hakuna ushuru wala ada ya leseni inatozwa bila sheria kuruhusu. Yaani hata kama kaunti inataka hiyo elfu moja kweli, lazima iwe imepitishwa na bunge la kaunti na imeandikwa mahali, mtu aoneshe kwa kidole hapa ndio iko. Sasa huyu yake imeandikwa wapi, kwa mfuko wa suruali?

Na msiniletee ile ya "wachuuzi wanaziba njia". Najua, kuna wengine wanatandaza mpaka mama na mtoto mgongoni anapitia katikati ya matatu. Lakini kama kosa ni kuziba njia, andika hilo kosa, nipeleke kortini nijibu. Kupewa kazi ya kukutoa barabarani si kupewa kazi ya kukula pesa yako, hizo ni vitu mbili na hawa watu wanazichanganya makusudi. Kifungu cha 47 kiko wazi, ukichukuliwa hatua ya kukuumiza haki yako uko na haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Hata gavana mwenyewe, 73 inamwambia amepewa jukumu la kuhudumia watu sio nguvu ya kuwatawala, sasa wewe wa kubeba viazi unatawala nani?

Tulifanywa jiji 2021 lakini tabia ni zilezile za zamani.

Mwenye amewahi kurudishiwa mali aniambie aliandikia nani na alipewa karatasi ya nani. Na wewe mwenye unataka kunijibu "toa tu mia tano muelewane", pita na uzi wako, ni nyinyi mmewazoesha.