Nimeuziwa springi za kushushia gari kwa rangi na inchi, sasa gari haliendesheki

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili linawahusu wengi wanaotaka kushusha magari yao na wanaokwenda kununua springi kama anayenunua kitambaa cha pazia, kwa kutazama rangi na kutaja urefu.

Gari langu ni Toyota Mark X GRX120 ya lita 2.5. Nilitaka lishuke kidogo tu, sentimita 3 hivi, ili lile pengo kati ya tairi na fenda lipungue na gari lisilale sana kwenye kona. Katika duka moja la vipuri jijini Dar es Salaam niliulizwa swali moja tu: "Bosi wangu, unataka inchi ngapi?" Hakuna aliyeuliza namba ya chesisi, wala kama gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne, wala shokapu zangu zina hali gani, wala kama kiti cha nyuma hukaliwa na mtoto mmoja au watu wazima watatu. Nilipouliza mwenyewe kama springi zile ni za GRX120, nilijibiwa kuwa ni za "Mark X zote", na muuzaji akazigeuza nione rangi ya kijani, kana kwamba rangi ndiyo cheti cha kutoka Japani. Nikalipa shilingi 450,000. Hapo kosa ni langu, nalikiri; nilipaswa kuondoka palepale.

Hakuna springi ya "Mark X zote". GRX125 inaendeshwa na magurudumu manne, na kwa chini si gari lilelile. Watengenezaji wanaojiheshimu, kama Tein wa Yokohama, huorodhesha springi zao kwa herufi na namba za chesisi, kama hiyo GRX120, na kule Ujerumani springi ya kushushia gari huambatana na hati inayotaja modeli na mzigo unaoruhusiwa kwenye kila ekseli. Huo si urasimu. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na kati ya hivyo unene wa waya ndio wenye kauli kubwa: waya wa milimita 12 ukibadilishwa kuwa wa 13, mengine yote yakibaki vilevile, ugumu huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Ni milimita moja tu, ambayo hakuna anayeiona kwa macho pale dukani. Springi mbili zinaweza kulingana kimo juu ya kaunta, lakini zikibebeshwa gari, moja ikazama na nyingine ikabaki imesimama.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipopima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, mbele kulikuwa kumeshuka sentimita 6 na nyuma 3, gari limeinamisha pua kama linanusa lami. Nilitegemea fundi, ambaye nilielekezwa na duka hilohilo, akiri kuwa springi za mbele si za gari hili. Badala yake alisema "tunasawazisha", akachukua grinda na kukata mzunguko mmoja na nusu katika kila springi ya nyuma, cheche zikirukia bampa. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikipunguzwa kiasi hicho huongezeka ugumu kwa theluthi nzima, na wakati huohuo huwa fupi mno kwa shokapu iliyotengenezewa springi ndefu, na ile ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kiti chake. Nyumbani nilipolipandisha gari kwa jeki, gurudumu lilining'inia na springi nikaizungusha kwa mkono mmoja. Springi inatakiwa ibaki imebanwa hata gurudumu likiwa hewani. Isipobanwa, ipo siku itatoka mahali pake gari likiwa kwenye mwendo.

Wiki iliyofuata tulikwenda Morogoro. Kuanzia Mlandizi kila rasta, yale matuta membamba ya mfululizo, ilikuwa kishindo, kwa sababu shokapu zilikuwa zinafika mwisho na kugonga ile raba ya kwenye fimbo yake, na matuta niliyapita kwa mshazari huku nikisikia eksozi ikikwaruza. Mke wangu hakusema neno hadi Chalinze, kisha akauliza kama kweli nimelilipia jambo hili.

Baada ya miezi miwili tairi za mbele zilikuwa na kashata nzuri upande wa nje, na upande wa ndani waya zinaonekana. Gari likishuka, magurudumu huinamia ndani kwa juu na uelekeo wake hubadilika, kwa hiyo alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu upya, si hiari. Fundi alikuwa ameniambia haina haja.

Wapo watakaosema barabara zetu haziruhusu kushusha gari. Sikubaliani nao. Sentimita 2.5 au 3, kwa springi zake halali na shokapu nzima, gari linakwenda vizuri tu. Anayetaka zaidi ya 4 ajiandae kununua na shokapu fupi. Ninacholalamikia ni kuuziwa kimo bila ugumu.

Rangi ile ya kijani ilianza kubanduka, na chini yake kuna kutu ya zamani. Hakuna namba yoyote kwenye waya. Niliporudi dukani nilionyeshwa maandishi ya kwenye risiti, "Mali ikiuzwa hairudishwi", kisha nikaambiwa kuwa hata hivyo zimeshakatwa, wakati aliyezikata ni mtu wao! Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na sioni jinsi mstari mmoja wa risiti unavyoweza kuifuta.

Springi zangu za awali nilizifuata gereji nikakuta za nyuma tu. Za mbele ziliuzwa kama chuma chakavu bila kuniuliza. Gari sasa limepumzishwa juu ya stendi uwanjani kwangu. Springi zao nne, pamoja na vile vipande viwili vilivyokatwa, nimezitia kwenye gunia, na Jumatatu asubuhi nitazimwaga juu ya kaunta yao nikiwa na risiti mkononi.