Tumeuziwa "likizo ya ufukweni Kigoma" kwa ratiba ya Unguja, mpaka pomboo wamo!

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite, ila mwenye mpango wa kupeleka familia Kigoma avute kiti.

Mwezi wa sita nilitumiwa tangazo WhatsApp: "Likizo ya ufukweni Kigoma. Jua, mchanga, maji maangavu. Siku tano." Picha ya kwanza ina minazi imeinamia maji. Mimi ni mtu wa Dar, Coco Beach ya Jumapili imenichosha, nikasema safari hii watoto wakaone ziwa. Tukawa watano: mimi, mama watoto, binti wa miaka 13, kijana wa miaka 9, na mama mkwe, mzaliwa wa Pangani, ambaye kwa upande wa bara alikuwa hajavuka Morogoro. Nikalipa shilingi 3,400,000 za malazi, chakula, boti na viingilio. Nauli juu yetu. Aliyetuuzia simtaji, sheria za jukwaa nazijua na bado namdai. Akipita hapa atajijua.

Ratiba tuliletewa tukiwa tumeshalipa, na sikuisoma. Hilo ni kosa langu, nimekubali, msije kunisimanga nalo huko chini. Aliyeisoma ni mama mkwe, ndani ya treni, tumeshaachana na wa Mwanza na wa Mpanda pale Tabora, ameshanunua asali yake dirishani, ametulia. Akavua miwani akaniuliza, "Baba Zuhura, kwani ziwa nalo linakupwa?"

Nikamwambia hapana mama, kupwa na kujaa ni mambo ya bahari. Akanipa simu. Siku ya pili, saa nne asubuhi: "Matembezi ya miguu maji yakipwa, kuokota kombe na kuwatazama kina mama wakivuna mwani."

Mwani. Kigoma.

Ndipo nikaisoma yote, jasho linanitoka kwenye behewa lenye upepo. Siku ya tatu: "Kuamka alfajiri kutazama jua likichomoza kutoka majini." Wakuu, Kigoma iko ukingo wa mashariki wa Tanganyika. Jua linazama ziwani, upande wa Kongo. Asubuhi linakutokea nyuma ya kisogo, vilimani. Ukitaka kuliona likitoka majini nenda Kalemie, na pasipoti mkononi. Siku ya nne: "Kuogelea na pomboo." Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 hivi, duniani linapitwa na Baikal peke yake. Humo mna nafasi ya kila kitu, lakini pomboo hamna. Na mstari wa kwanza kabisa, ambao jamaa alisahau kuufuta: "Dereva atawapokea bandarini Malindi."

Yaani mtu kachukua ratiba ya Unguja, Jambiani na Kizimkazi huko, kafuta jina, kaandika Kigoma, kapokea milioni tatu na laki nne.

Tukafika mwisho wa reli. Malindi hatukuiona, dereva hatukumwona. Nikapiga simu: "Bosi, yuko njiani, dakika tano." Tulikaa na mabegi mbele ya lile jengo la stesheni la Mjerumani zaidi ya saa mbili, mama mkwe amekalia kapu lake, mpaka nikakodi bajaji mbili. Nyumba ya "ufukweni" ikaonekana iko Mwanga, mlimani. Ziwa unaliona, sikatai, ukisimama juu ya ndoo dirisha la chooni.

Sasa njoo kwenye chakula, maana hapa ndipo damu ilinichemka. Ratiba inasema: "Kila jioni migebuka na kuhe wa kuchoma, moja kwa moja kutoka kwa wavuvi. Usiku wa tatu, kwenda na wavuvi wa dagaa chini ya mbalamwezi." Tumefika mwezi wa saba. Ziwa limefungwa! Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka huo wa 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Yalikuwa makubaliano ya nchi zote nne za ziwa, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na jambo hilo lilitangazwa mapema, redioni, kwenye runinga, kila mahali. Mtu anayejiita wakala wa utalii wa Kigoma halijui. Au analijua na kauza hivyo hivyo, na sijui lipi baya zaidi.

Nilikwenda mwaloni Kibirizi kuhakikisha mwenyewe. Mitumbwi imelala mchangani, nyavu zimekunjwa, pale wanapoanika dagaa kumebaki mchanga mtupu na kunguru wachache waliokata tamaa. Nikamwonyesha mzee mmoja mvuvi ile ratiba. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, hata ziwa lingekuwa wazi, nani anavua dagaa na mbalamwezi? Dagaa anafuata taa. Mwezi ukiwaka, taa yako ataifuata ya nini? Mwezi mpevu sisi tunalala na wake zetu." Darasa la bure, la dakika moja, kutoka kwa mtu asiye na ofisi wala kadi ya biashara.

Siku tano tulikula kuku wa kisasa na wali. Mama mkwe alikuwa ameahidi majirani zake dagaa wa Kigoma, kabeba na viroba vitupu viwili kutoka Pangani. Akapata kilo mbili za akiba ya zamani sokoni Mwanga, kwa bei ambayo hakuniambia. Alisema tu, "Ningenunua dhahabu."

Hifadhi ya Gombe nayo. Tangazo: "Familia nzima mtakutana na sokwe wa Jane Goodall, viingilio vimelipwa." Kwanza, hakuna kilicholipwa, jina letu halikuwepo popote. Pili, watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kufuatilia sokwe. Watu wa hifadhi walitueleza kwa upole kabisa, wala sina neno nao. Sokwe anaambukizwa magonjwa yetu, mafua tu ya mtoto yanaweza kuua familia ya sokwe, tena ni mnyama mwenye nguvu. Sheria ina maana, na inajulikana. Niambie wewe, mtu ameandika kwenye fomu yetu umri wa watoto, 13 na 9, kisha anawauzia sokwe! Binti yangu alikuwa ameandaa daftari la maswali. Alilia tukiwa hapo hapo Kibirizi, na mimi baba mtu sina jibu.

"Boti ya kasi" ilikuwa boti ya mbao ya abiria, ile ya kwenda vijiji vya kaskazini, yenye magunia ya unga, kreti za soda na mbuzi wawili. Nimeisema kwa ajili ya rekodi tu, maana boti yenyewe ilikuwa nzuri kuliko boti zote nilizolipia. Watu wanapiga soga, mama mmoja akampa mke wangu muhogo, nahodha anakata mawimbi ya kusi kama anakata keki. Mimi na mke wangu tulilipa upya, tukalala Gombe usiku mmoja. Kule hakuna barabara, mlango ni ziwa tu. Asubuhi tulipanda na mwongoza watalii kama saa mbili, barakoa usoni, mpaka tukasikia kelele juu ya miti ambazo nywele zilinisimama. Jike mmoja akashuka na mtoto mgongoni, akatupita kama tunavyompita muuza karanga, hakugeuza hata shingo. Jane Goodall, yule mama wa Kiingereza, alifika pale Julai 1960 akakaa na kuwatazama hawa hawa mpaka dunia ikajua kwamba sokwe naye anatengeneza zana. Nilifurahi, na kila nilipofurahi nikamkumbuka binti yangu yuko Mwanga anakula kuku wa kisasa. Ndiyo maana nasema huyu bwana kaniibia mara mbili.

Liemba sasa. "Jioni ya machweo ndani ya MV Liemba, vinywaji juu yetu." Wakuu, Liemba wakati ule ilikuwa na miaka kadhaa haibebi abiria, inasubiri kutengenezwa. Meli ya 1913 ile! Ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye masanduku 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe, mashine wamezipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Meli imevuka vita na kuzama, ikaja kuuziwa familia ya Tabata kwa soda na machweo. Tuliitazama kwa mbali. Kijana wangu akauliza, "Baba, hiyo ndiyo yetu?"

Sitaki watu wa Kigoma mnielewe vibaya, maana naona mtakuja na mapanga. Mji wenu hauna kosa. Siku mbili za mwisho nilitupa ratiba, nikampa dereva wa bajaji, kijana wa Katonga, elfu hamsini kwa siku, nikamwambia tupeleke unakopeleka wageni wako mwenyewe. Akatupeleka Jakobsen, maji unaona mpaka ukucha wa mguu, na kijana wangu alishinda na miwani ya kuogelea usoni anafukuza visamaki vya mistari kwenye mawe. Wengi wa samaki wale duniani hawapo penginepo. Hayo ndiyo ya kuuza! Ungeniuzia hayo ningekulipa na bakshishi.

Ujiji tulikaa mchana kutwa. Kwenye kumbukumbu ya Livingstone mlinzi alitueleza habari ya Stanley kumkuta pale 1871, na kwamba miembe iliyopo imetokana na ule mwembe wenyewe waliokutania chini yake. Mama mkwe hakujali Wazungu hao. Yeye aliuliza njia ya watumwa na pembe ilikuwa ikitokea wapi, akaambiwa hapa, Tabora, mpaka Bagamoyo, akanyamaza kitambo. Kisha akatembea mitaani, anasalimia watu barazani, kanga zile zile, adhana ile ile, Kiswahili anachokijua. Akaniambia, "Hapa ni kwetu kabisa, ila maji wameyaweka upande siyo." Akateremka ziwani, akachovya kidole, akaonja. "Na chumvi wamesahau."

Madai yangu: boti, viingilio vya Gombe, meli, samaki wa siku tano, na usiku mmoja wa "ufukweni". Nimepiga hesabu, ni 1,620,000. Risiti ninazo, sauti za WhatsApp ninazo, ratiba yenye Malindi ninayo. Mwenye uzoefu wa kudai hela ya namna hii bila wakili anishauri nianzie wapi.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Kanijibu. Hela harudishi, "imeshaingia kwenye mfumo". Ila kwa usumbufu tuliopata ananipa punguzo la asilimia 20 kwenye kifurushi chake kipya cha Desemba. Nanukuu: "Fukwe za Tabora, siku nne."

Nimemsomea mama mkwe kwa simu. Anauliza kama ratiba imeshatoka.