Leaf yangu imenizimikia karibu na Mikese. Nifanyeje ifike Morogoro bila kuchaji njiani?

Segerea40

Wakuu, habari za majukumu. Nina Nissan Leaf ya 2018, gari la umeme, ile ya betri ya uniti (kWh) 40, niliiagiza Japani mwaka jana. Kwa mizunguko ya Segerea na Posta hapa Dar sina malalamiko hata kidogo, naichaji usiku mara mbili kwa wiki basi. Ijumaa iliyopita nikajipa moyo kwenda nayo Morogoro kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yangu. Nilitoka na asilimia 100, dashibodi inasoma kilomita 236. Kutoka kwangu hadi Msamvu, Morogoro, ni kama 185, nikaona nina akiba ya kutosha. Tulikuwa watu wazima wanne na mtoto mmoja, mabegi juu ya keria, kiyoyozi kimewashwa.

Hadi Kibaha mambo safi. Baada ya Mlandizi barabara ikafunguka, nikawa natembea 100 hadi 110. Chalinze nikafika na asilimia 35 na Morogoro bado 80 hivi. Nikasema twende, itafika. Tulipoipita Bwawani nikazima kiyoyozi, watu wakaanza kuloa jasho. Kabla ya Mikese zile kilomita zikapotea, zikabaki vistari tu, kisha ikawaka taa ya kobe na gari likawa linatambaa. Nikaliingiza pembeni kwenye banda la fundi wa kuchomelea mageti. Mungu ambariki yule kijana, alinivutia eksitensheni, nami nikamnunulia uniti 15 za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tulikaa pale saa tatu na nusu, na ule waya ulipata moto hadi nikiushika naachia. Tulifika saa nne usiku, mtoto mwenye sherehe amelala.

Tangazo niliponunua liliandika kilomita 400. Betri ina vijiti 11 kati ya 12, na programu ya simu ya LeafSpy inanionyesha afya asilimia 84. Je, betri ni mbovu au mimi ndiye sijui kuliendesha? Wenye uzoefu wa njia ndefu naombeni msaada, maana Desemba natakiwa kurudi tena.

MamaUnga_Kihonda

Pole sana mdogo wangu, na pole kwa familia. Betri yako si mbovu. Mimi nina Leaf kama hiyohiyo, afya yake asilimia 86, na huu ni mwaka wa tatu nashuka nayo Dar kutoka Kihonda hapa Morogoro mara mbili kwa mwezi kupeleka unga na kufuata madeni. Kila safari naandika kwenye daftari: nimetoka na asilimia ngapi, mwendo gani, watu wangapi, nimefika na ngapi. Kwa hiyo ninachokuambia nimekiona kwa macho yangu.

Kwanza ile 400 isahau. Ni kipimo cha Kijapani cha JC08, gari linazungushwa taratibu kwenye maabara. Gari hilohilo Ulaya kwa kipimo cha WLTP liliandikwa 270, Wamarekani wakaliandika 243. Na hizo zote ni betri mpya. Yako imebaki na uniti kama 32 za kutumia. Hiyo 32 ndiyo namba yako, iandike mahali. Uniti za betri ni zilezile za LUKU, kwa hiyo zihesabu kama unavyohesabu umeme wa nyumbani.

Sasa ile 236 ya kwenye dashibodi ndiyo iliyokuponza. Lile gari halijui kama unakwenda Morogoro. Linaangalia nyuma, ulivyoendesha siku zilizopita kwenye foleni ya Tabata kwa mwendo wa 30, halafu linazidisha. Ukifika barabara kuu linaanza kujisahihisha wakati wewe umeshaliamini. Mimi nimeacha kuziangalia hizo kilomita. Naangalia asilimia, na ile sehemu inayosoma kilomita kwa uniti.

Haya ndiyo ya kwenye daftari langu, barabara kavu, kiyoyozi kikiwa 25, watu wawili: nikitembea 70 napata karibu kilomita 8 kwa uniti. Nikitembea 80 napata 7 na nusu au pungufu kidogo. Kwenye 90 inakuwa 6 na nusu. Kwenye 100 inashuka chini ya 6, na 110 ni 5 na kidogo. Piga hesabu yako: umekwenda kama kilomita 160 kwa uniti 32. Ni 5 kamili, hakuna uniti iliyopotea.

Kinachokula ni upepo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unalisukuma gari nyuma mara nne. Kutoka 80 kwenda 110 tu msukumo unakaribia kuwa maradufu, na keria yenye mabegi unayoibeba juu inasimama kama mlango uliofunguliwa. Shusha keria. Mabegi yasiyoenea kwenye buti yapande basi, nasema kweli. Mimi viroba vyangu vya unga navitanguliza kwa lori.

Na uangalie muda. Njia yetu imejaa vibao vya 50: Mlandizi, Vigwaza, Chalinze, Ubena, Mikese. Sehemu ya kukimbia haizidi kilomita 120. Ukizitembea kwa 80 badala ya 100 unachelewa dakika 18. Wewe umekaa kwa fundi mageti saa tatu na nusu.

Halafu kuna kilima ambacho wengi hawakioni kwa sababu kimelala. Dar ni usawa wa bahari, Morogoro ni kama mita 500 juu. Gari lako na watu wake ni karibu kilo 1,900. Kuupandisha mzigo huo mita 500 ni uniti 2 na nusu na ushee, hata ungeendesha kwa adabu namna gani. Hizo ziondoe kabla ya hesabu nyingine yoyote. Wakati wa kurudi Dar unarudishiwa sehemu kubwa, lakini miezi ya kusi upepo unatokea kusini mashariki, unakutana nao usoni kuanzia Chalinze. Nimewahi kushuka Dar mwezi wa saba nikadhani breki zimekamata. Zilikuwa sawa, ni kusi.

Kiyoyozi msikionee. Gari likishapoa, kinakula chini ya uniti moja kwa saa. Kwa mwendo wa 80 hiyo ni kama kilomita 6 au 7 kwa kila saa, basi. Kinachokula ni kulipoza gari lililookwa juani. Kwa hiyo liwekeni kivulini, na kiyoyozi kiwasheni gari likiwa bado kwenye chaja, dakika 15 kabla ya kuondoka, ili ubaridi huo ulipwe na TANESCO na si betri. Weka 25 au 26, hewa izunguke ndani. Kuzima kiyoyozi na kufungua vioo kwenye 80 hakusaidii, upepo unaingia na kulivuta gari, na watoto wanateseka bure. Vioo fungua kwenye foleni, maana hapo ndipo kiyoyozi kinakula umeme bila kukupa kilomita.

Jambo la mwisho naliandika kwa uzito. Kuna vijana watakuambia jibanze nyuma ya lori au basi, likukate upepo. Inapunguza kweli, lakini usifanye. Mimi hapo kati ya Bwawani na Mikese nimemzika shemeji yangu aliyekuwa nyuma ya lori la mbao, mita chache tu, likafunga breki. Uniti mbili zinanunulika.

FundiBrake_Mwenge

Mama kaeleza kila kitu, mimi niongeze ya miguuni. Mkuu Segerea, matairi yako yana upepo kiasi gani? Hizo Leaf kibandiko cha mlangoni kinataka psi 36. Mafundi wetu wa pancha wamezoea 28 au 30 kwa gari dogo, anajaza, analipiga tairi kofi, anakuambia "liko poa". Ukiwa na 28 na watu watano ndani, tairi linajikunja kila linapozunguka na umeme wako unaishia kulipasha moto. Nunua kipimo chako mwenyewe, pima asubuhi likiwa baridi, kabla hujatoka.

La pili, ukifika mwisho wa safari simama, pitisha kiganja karibu na rimu moja moja bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, breki inakamata. Magari ya umeme breki zake hazitumiki sana, motor ndiyo inapunguza mwendo, na huku kwetu pwani pini za kalipa zinashika kutu. Nimefungua Leaf tatu mwaka huu zenye tatizo hilo. Pini zikasafishwa, zikapakwa grisi, gari likawa jepesi mpaka mwenyewe akashangaa.

Na ile eksitensheni iliyopata moto, usirudie. Chaja ya kubeba inavuta amperi 10 au zaidi saa nyingi mfululizo, na nyaya za dukani nyingi ni nyembamba mno. Tengenezesha yako, waya wa 2.5 (milimita za mraba), urefu mita 15 haitoshi weka 20, plagi nzuri, waya wa ardhini uwepo, na ukichaji uikunjue yote. Ikiwa imezungushwa kama kamba ya ndoo inajipika yenyewe.

Wa_Limuru

Salamu kutoka Kenya. Kwangu ni kilima tupu, kwa hivyo nitaongea hapo tu. Naishi Limuru, kazi iko Westlands, Leaf ya kwanza ile ya uniti 24, imechoka kiasi. Asubuhi nateremka karibu mita 500, jioni nazipanda. Kurudi nyumbani kunanilia zaidi ya mara mbili ya kuenda, barabara ni ileile.

Nilikosea mwaka wa kwanza kwa kuchaji hadi 100 kila usiku. Betri ikiwa imejaa haina mahali pa kuweka umeme unaorudi, kwa hivyo nateremka mlima mzima nikitumia breki za kawaida na ule umeme unapotea. Siku hizi naacha kwenye 85, naweka gia ya B, ile ya kurudisha umeme zaidi ukiachia mafuta, na nikifika chini nimerudishiwa kitu. Kwako wewe kutoka Dar jaza yote, ni kupanda. Lakini ukitoka Morogoro, si lazima ijae pomoni ukiwa na umbali wa kutosha. Na usiwe mtu wa kukanyaga halafu unaachilia kila mara. Kile kinarudi ni sehemu tu ya kile ulitoa. Mwendo uliotulia ni bora kuliko wa kurudishiwa.

MamaUnga_Kihonda

Asante kaka wa Limuru, hilo la kujaza mimi nalifanya hivi: nyumbani nakaa kati ya 30 na 80, siku ya safari tu ndiyo naijaza, na taima naiweka imalizike saa kumi na moja alfajiri, naondoka saa kumi na mbili. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza kama magari mengine, inategemea hewa tu. Ukiiacha imejaa halafu imepigwa jua la Dar kutwa nzima, inazeeka kabla ya siku zake. Segerea, ile ya kwako ina miaka na ndiyo uliyonayo, itunze.

Segerea40

Shikamoo mama, na wakuu wote asanteni. Nimeona nisisubiri Desemba, Jumamosi nimekwenda tena, mimi na mke wangu na mtoto.

Matairi nilipima yakawa na 29, yote manne. Nimeyapandisha 36. Keria nimeitoa. Nimetoka Segerea saa kumi na mbili kasoro, asilimia 100, gari limepozwa likiwa kwenye waya. Baada ya Mlandizi nikaweka 78 na sikuigusa tena. Malori yalinipita, mabasi yalinipigia honi, nikasogea kushoto wakapita. Chalinze nimefika na asilimia 55 na ushee, nikamwonyesha mke wangu, akapiga picha. Pale kwa kijana wa mageti tumesimama kwa hiari, nimempelekea mchele kilo 10. Msamvu nimefika na asilimia 18. Ni kilomita 7 kwa uniti, kupanda kote ndani yake, na kiyoyozi hakikuzimwa hata dakika moja.

Kurudi Jumapili nilichaji kwa kaka usiku kucha, nikafika Segerea na 28. Nilitegemea zaidi, lakini miti ya pale Vigwaza ilikuwa imelala kuelekea Chalinze, nikakumbuka kusi ya mama.

Swali la mwisho: Dodoma je? Kaka anahamia huko mwakani.

MamaUnga_Kihonda

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha na huo mchele.

Dodoma kwa mkupuo mmoja kutoka Morogoro hapana, ni kama kilomita 260 na zinapanda. Gairo peke yake iko juu zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo utamaliza uniti kama 4 kwa kilima tu kabla hata hujahesabu umbali. Mimi nilikwenda mara moja, nikalala Gairo. Gesti nyingi zitakukubalia ukiwanunulia LUKU mkononi kabla hujachomeka, lakini piga simu siku moja kabla, uulize kama umeme upo na kama soketi iko karibu na maegesho. Nenda na ule waya wa 2.5. Na ukipita Kihonda usilale hotelini, ninayo soketi ya amperi 16 ukutani kwangu, kivuli cha mwembe kipo.