Kitabu cha babu kinasema chokaa, fundi anasema saruji, nifuate kipi?

MjukuuWaPangani
Wakuu habari za muda huu. Nina nyumba ya marehemu babu hapa Pangani, zile za zamani za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mwaka juzi niliita fundi akapiga lipu ya saruji sebuleni, ikatoka safi, masika moja tu ikaanza kuvimba, ukigonga inalia kama debe tupu na chini kunatoka unga mweupe, nimeonja ni chumvi kabisa. Sasa juzi napekua sanduku la babu nkakuta kitabu cha mafundi, jalada limeliwa na mchwa, kurasa za mwanzo hazipo hata jina lake silijui. Humo wanasema lipu ya ndani ni debe moja la chokaa iliyolala kwa madebe matatu ya mchanga, basi, ukigeuza ukurasa wameshahamia kunoa msumeno. Iliyolala wapi jamani?? Na debe gani, lile la mafuta ya taa au ndoo ya siku hizi ya lita 20? Fundi nimemwonyesha kacheka mpaka kakaa chini, anasema tukwangue tupige saruji tena.

Fundi_Mwiko
Debe lolote mkuu, hata kopo la maziwa, huo ni uwiano tu, mradi ulichopimia chokaa ndo hicho hicho upimie mchanga. Na mchanga uwe wa mtoni, wa pwani utajiongezea chumvi mwenyewe.

Kulala ni hivi: matumbawe yanachomwa kwenye tanuu, yakiiva yanamwagiwa maji yanachemka yenyewe bila moto (kaa mbali, jicho likirukiwa hapo ni hospitali), halafu ule uji unaachwa shimoni chini ya maji. Mzee aliyenifundisha kazi Unguja alikuwa halazi chini ya miezi mitatu, ikitoka ni laini kama samli iliyoganda, ukiichota inashika mwiko haitaki kuachia. Kitabu hakikueleza kwa sababu aliyekuwa anakisoma zamani hizo alishalala njaa pembeni ya tanuu, alichosahau ni vipimo tu.

Saruji kwa ukuta wako hapana. Nyumba hizo hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi, maji yanapanda toka ardhini na chumvi yake, kwenye chokaa yanapumulia nje, ukiziba na saruji yanakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Ndo hicho unachosikia ukigonga. Kwangua yote, acha ukuta ukauke, loweshea kabla ya kupiga, kila mkono (tabaka moja la lipu) usizidi sentimita moja na ufunike magunia mabichi siku za mwanzo, maana chokaa ikikaushwa haraka na jua inapasuka.

kobe_mzee
Mnampoteza mwenzenu. Nyumba ya shangazi yangu Tanga ina lipu ya saruji mwaka wa 10 huu haina hata ufa.

Fundi_Mwiko
Ya shangazi ni ya matumbawe au ya bloku?

kobe_mzee
Bloku 😂

BintiMrima
Tanuu siku hizi shughuli kulipata, wengi tunanunua chokaa ya mfuko hadiwea, loweka angalau siku nzima, wiki ni bora. Ila kabla hujanunua mingi chukua kijiko kimwagie siki. Ikitoa povu jingi hilo ni jiwe limesagwa tu halijachomwa, halishiki kitu, hata ulilaze mwaka. Mimi niliuziwa mifuko sita hivyo hivyo nikapaka chumba kizima, ukiegemea unatoka mweupe mgongo mzima kama umeoga unga.

Na kitabu chenyewe tafadhali usikitie seloteipu, inageuka njano na kula karatasi, piga picha kila ukurasa na simu dirishani kisha kiweke pakavu. Halafu usifuate kila kitu humo, cha kwangu cha useremala kinafundisha kuchanganya rangi ya risasi kwa mkono, hiyo ni sumu, usijaribu nyumbani kwenye watoto.

MjukuuWaPangani
Asanteni sana. Nimejaribu siki sasa hivi kwenye mfuko niliokuwa nimeshanunua jana, limefura povu kama soda iliyotikiswa. Narudi hadiwea, risiti sina. Fundi_Mwiko nicheki inboksi, ukiwa Tanga au Pangani nataka uje uone huu ukuta, na yule wa saruji nimemwambia apumzike kwanza, kanuna.